Vyungu Saba Nyuma ya Jiko Langu

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Ijumaa kula sombe yangu ya majani ya mihogo na kuniita Gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku, mkiniuliza, "Gogo, safari ilikuwaje?", nimechoka kuwasimulia vipande vipande huku mnatazama simu. Nimeandika. Neema ameipiga kwenye kompyuta, lakini hakubadili neno, nilimkataza. Shule niliishia darasa la tatu, na kusoma sawasawa nilijifunzia kwenye Maandiko, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Habari za hati na tiketi nimeziacha, zinachosha hata wanaozihitaji. Kuna mahali mtacheka. Mimi sikucheka.

Bertrams, Johannesburg, kabla ya kuondoka

Neema mnamjua, mjukuu wangu, binti wa Anjela anayesuka nywele Hillbrow. Posa ilipokubaliwa na siku ya harusi kupangwa, Anjela aliniambia, "Mama, wewe ndiye utamfunga Neema kitenge."

Nikamwambia siwezi, na yeye anajua kwa nini siwezi.

Kwetu mama mzee wa nyumba ndiye anayemfunga bibi harusi kitenge mbele ya watu. Lakini mwanamke aliyezika mtoto na hajaondoa tanga hamfungi mtu kitenge. Anakaa nyuma, karibu na mlango. Hata harusi ya Anjela niliitazama nikiwa mlangoni.

Mimi nilizika mtoto. Aliitwa Furaha, kitinda mimba wangu, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Hiyo ilikuwa kijijini kwetu Kilunga, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Mtoto mdogo kwetu hawekewi msalaba. Analazwa nyuma ya jiko la mama yake, na juu yake kinawekwa chungu, mdomo chini, kitako kimetobolewa. Siku ya arobaini mama analifagia kaburi kwa mkono wake, anataja jina, tanga limeondoka. Mimi nilifika siku ya ishirini na moja. Siku hiyo vita ikaingia, tukakimbia na Anjela aliyekuwa msichana mkubwa, na baba yake ambaye sasa amelala kaburini hapa Johannesburg. Hatukurudi tena. Kwa hiyo miaka yote hii mliyonijua, nilikuwa mfiwa. Ninyi mlidhani ni ukali tu.

Sasa, kabla ya safari yalitokea mambo mawili, na yote mawili yanahusika.

La kwanza lilikuwa kwenye maombi ya akina mama, kile chumba cha juu ya mafundi cherehani kule Doornfontein. Tulisoma habari za mfalme wa Ashuru. Aliwahamisha watu wa Samaria akawapeleka mbali, akaleta watu wengine kutoka Babeli, Kutha, Ava na kwingineko, akawaweka katika miji ile. Wakalala katika nyumba ambazo hawakuzijenga. Hawakujua desturi ya Mungu wa nchi, basi simba wakawa wanawaua. Mwishowe mfalme akamrudisha kuhani mmoja kati ya wale waliofukuzwa, awafundishe. Mimi sehemu ya simba niliipenda siku zote. Nikasema mbele ya watu, "Simba walifanya kazi nzuri."

Akina mama wakacheka. Neema alikuwa amenisindikiza, akasema, "Lakini Gogo, hao watu wa Ava si waliletwa tu? Kuna mtu aliwauliza?"

Nikamwambia ale andazi lake.

La pili lilikuwa getini kwetu. Mzee mmoja alikuja, amevaa kofia ya kijivu na koti la kanisani. Aliongea kwa adabu, Neema akanitafsiria. Alisema amezaliwa katika nyumba hii, chumba chenye dirisha la pembeni, na serikali ya zamani, ya makaburu, iliwatoa akiwa mtoto, wakapakiwa kwenye lori. Alisema anaomba kuona uani tu, mara moja. Mimi nikaona huyu anatafuta nyumba. Nikasema kupitia vyuma, "Mwambie sisi ni wapangaji, aende kwa mwenye nyumba." Akaja tena Jumapili iliyofuata. Nikamwambia Anjela asimfungulie, nikachukua ufunguo wa geti nikautundika kwenye msumari chumbani kwangu. Alisimama kitambo, kofia mkononi, kisha akaondoka polepole kuelekea upande wa uwanja wa mpira.

Baada ya hapo nikamwambia Neema, "Unataka kufungwa kitenge na nani?"

Akasema, "Na wewe, Gogo."

"Basi omba ruhusa kazini. Tunakwenda Kilunga kufagia."

Johannesburg hadi Beitbridge

Basi lilikuwa liondoke saa tatu asubuhi. Liliondoka saa nane mchana. Lilikuwa limejaa mablanketi, ndoo, majiko ya gesi, na baba mmoja alikuwa na mlango mzima wa nyumba, na vioo vyake. Mimi nilibeba kikapu cha chapati, mayai ya kuchemsha na ufagio mpya. Neema aliona haya juu ya ule ufagio. Alisema, "Gogo, huko hakuna mafagio?" Nikamjibu kwamba ufagio wa kazi hii hauazimwi.

Mbele yetu alikaa mama wa makamo, Mndebele, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, kina tawi la mti lenye miiba tu. Mimi nilikuwa na kikapu magotini, miguu inauma. Nikamwomba kwa ishara atoe tawi lake niweke kikapu. Hakunijibu. Hakunitazama hata. Nikarudia. Nikaanza kusema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba kuna watu hawakulelewa, wanalipa tawi heshima kuliko mtu mzima.

Neema akanishika mkono. "Gogo, nyamaza. Hicho kiti kimelipiwa. Ni kaka yake."

"Kaka yake yuko wapi?"

"Alifia Joburg. Anaipeleka roho yake nyumbani kwa lile tawi. Haruhusiwi kuongea na mtu mwingine njiani, anaongea na yeye tu."

Nikarudisha kikapu magotini. Basi liliharibika kupita Polokwane, maji yakavuja chini ya injini, tukashuka na kukaa kwenye majani hadi usiku wa manane. Watu walinunua soda na kutukana. Yule mama alishuka na tawi lake, akaliambia jambo kwa sauti ya chini. Neema akanitafsiria bila kuombwa: "Anamwambia basi limeharibika, asiwe na wasiwasi, bado wako njiani."

Tulipofika kwenye daraja la Limpopo kulikuwa kumekucha. Yule mama akaliinua tawi, akasema neno moja. Sikuhitaji tafsiri. Alikuwa anamwambia kwamba sasa wanavuka.

Nikafikiri juu ya siku ile tuliyokimbia. Niliwahi kuokota sufuria, shoka na redio isiyo na betri. Sikumwambia Furaha kwamba tunaondoka.

Harare, Chirundu, Lusaka, na barabara ya kaskazini

Mpakani tulisimama juani tangu asubuhi hadi alasiri. Kati ya Harare na Chirundu hakuna la kusema, isipokuwa joto, na kwamba chapati ziliisha kwa sababu Neema aligawia watu. Chirundu tulikula samaki wa kukaanga na ugali wa Wazambia, ugali mzuri, laini kuliko wa Johannesburg.

Lusaka, stendi, palikuwa na mama anauza viwavi wakavu kwenye beseni. Nilinunua kikombe. Neema akasema, "Eish, Gogo, hao wana miguu."

"Na kuku ana nini?"

Alikataa. Alikataa pia siku ya pili, kwenye basi la kwenda Kasama. Siku ya tatu tulikuwa Mpulungu, mvua imenyesha, mama wa chakula hajaja, ndipo nikasikia kitu kinatafunwa pembeni yangu. Sikugeuka. Nilimwachia heshima yake.

Mpulungu, kusubiri mashua

Tulikaa Mpulungu, bandari ya ziwa upande wa Zambia, siku nne. Mashua ya mizigo ilikuwa inasubiri saruji, na saruji ilikuwa inasubiri lori. Kila asubuhi nilimuuliza mwenye mashua, Papa Delfini, mtu wa Moba, mnene, mwenye sauti ya kuimba, "Tunaondoka leo?" naye akasema, "Leo, Mama, leo hii hii," akaendelea kunyoa ndevu.

Siku ya tatu aliniuliza ninakwenda wapi hasa. Nikamwambia Kilunga.

Akaacha kunyoa. "Kilunga iko na ndugu zako?"

"Nina mtoto huko."

"Mama, Kilunga hakuna mtu wa zamani. Hata mmoja. Askari walikaa pale miaka mingi. Walipoondoka, wakubwa wakaleta watu wa milimani, ambao kwao pia kulichomwa. Wako pale mwaka wa sita sasa. Watu wa shida sana. Wewe ni wa kwanza kurudi, nakuambia."

"Wanalala katika nyumba zetu?"

"Walale wapi?"

Sikula siku hiyo. Nilikaa kwenye mifuko ya saruji iliyokwisha kufika, nikawaza juu ya watu wa Ava. Nilikuwa ninawaona kabisa, wamelala kwenye vitanda vya Wasamaria, wanapika kwenye mafiga ya wengine. Nikawaombea simba. Ninaandika ukweli, basi huo ndio.

Kilunga

Mashua ilitushusha mchana. Mlango wa mto ulikuwa palepale, lile jiwe jeupe lilikuwa palepale. Nyumba yangu ilikuwa imesimama. Mume wangu aliijenga kwa tofali za kuchoma, na mlango aliupasua mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Sasa ulikuwa umepakwa rangi ya buluu.

Watu wakatoka nje. Walipoona mama mzee mwenye ufagio anatazama nyumba moja tu, wakajua. Mwanaume mmoja mrefu akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Huyo ndiye kapita wao, mkubwa wa kijiji, Papa Yonasi.

"Karibu, Mama," akasema. "Wewe ni wa hapa."

"Mimi ni wa hapa. Na ninyi?"

"Sisi tuliletwa."

Neema alinitazama, mimi sikumtazama.

Mwanamke wa nyumba yangu aliitwa Mama Esta. Mwembamba, umri kama wa Anjela. Alileta kiti, akaleta maji kwenye kikombe, akayaonja kwanza yeye ili niyaone ni safi, kisha akanipa kwa magoti. Nikayanywa. Nikamwambia, "Sikuja kuchukua nyumba. Nimekuja kufagia kaburi la mtoto wangu. Lipo nyuma ya jiko, lina chungu."

Mama Esta akasimama, akatangulia.

Nyuma ya jiko kulikuwa na vyungu saba.

Vilikuwa katika mstari, mdomo chini, vimetobolewa kitako, vyote sawa, vyote vipya. Nilivihesabu mara mbili. Neema aliuliza, "Gogo, yupi ni Furaha?" na mimi nikamgeukia Mama Esta.

"Cha zamani ni kipi?"

"Mama, tulikuta kimoja. Kilipasuka mvua za mwaka wa kwanza, nikaweka kingine. Kila kiangazi vinapata ufa, basi ninafinyanga vyote upya."

"Kilikuwa upande gani? Mlango wa jiko langu ulitazama mto."

"Jiko lilianguka. Tulijenga lingine, hatukufuata msingi. Sikumbuki, Mama. Ningejua utakuja, ningeweka alama."

"Na hawa wengine ni akina nani?"

"Ni watoto wetu," akasema. "Wawili homa. Wanne mamba. Wa mwisho wa hao wanne, kule, ni Daudi wangu, lakini humo ndani ni shati tu, mwili hatukuupata. Vingine vimefanana hivi, hata sisi hatujui tena kipi ni cha nani. Tulipofika na kukuta chungu, tulisema hii ni desturi ya hapa, watoto wanalazwa hapa. Tukasema, huyu mtoto wa hapa atawapokea wa kwetu."

Ningeweza kukaa chini wakati ule na kulia naye. Sikukaa. Nilikuwa nimesafiri siku kumi na moja kwa ajili ya kaburi moja, na mtu alikuwa ameniharibia kwa wema. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Papa Yonasi alitufuata na wazee wawili. Akapiga goti. "Mama, tunakuomba. Tumetoa mbuzi mweusi mara tatu. Tumefunga, tumeomba. Mganga alituambia mamba wanatumwa na wenyewe wa mahali hapa, kwa sababu hatujui desturi. Kama ni ninyi, tunakuomba uwaite warudi. Tufundishe desturi, tutaifuata."

Neema akanong'ona, "Gogo, anasema wewe ndiye unatuma mamba?"

"Ndivyo anavyosema."

"Kutoka Bertrams?"

Hapo ndipo mahali pa kucheka, chekeni.

Nikamuuliza Papa Yonasi, "Wigo uko wapi?"

"Wigo gani, Mama?"

"Kwenye kona ya mto, maji yanapotulia. Kulikuwa na miti imesimama majini, imepangwa kwa mviringo. Watu walichota maji na kuoga ndani yake."

Wakatazamana. Mzee mmoja akasema taratibu, "Ile miti mikavu?"

"Ndiyo. Iko wapi?"

Mama Esta ndiye aliyejibu. "Ilikuwa kuni nzuri."

Hawa ni watu wa milimani. Kwao mito ni myembamba na ya baridi, mamba hawamjui. Walifika wakati wa mvua, kila ukuni umelowa, wakaona mninga mkavu umesimama majini, hauna mwenyewe. Ningekuwa mimi, ningeung'oa pia. Najua hivyo sasa. Siku ile nilisema hivi, na sitapunguza:

"Mbuzi wenu wamekufa bure. Hakuna aliyewatuma mamba. Desturi ya hapa ilikuwa wigo, na ninyi mliota moto wake. Watoto wenu mliwatoa ninyi wenyewe."

Papa Yonasi alibaki amepiga goti. Mama Esta alikiokota kikombe nilichonywea, akaingia ndani, akafunga ule mlango wa buluu bila kuupiga.

Neema hakunisemesha hadi siku ya pili. Mjukuu wangu ambaye Kiswahili anakijibu kwa Kiingereza, siku ile alielewa kila neno.

Wigo

Maandiko yanasema kuhani yule alirudishwa, akakaa Betheli, akawafundisha. Hayasemi alijisikiaje. Mimi nilitaka kujua hilo tu. Alipomkuta mtu wa Ava amelala katika nyumba ya mama yake, alianza na neno gani?

Kulipokucha nilimkuta Mama Esta nyuma ya jiko, amekaa chini mbele ya chungu cha mwisho. Hakuinuka.

"Ni mimi niliyeung'oa mti wa kwanza," akasema. "Daudi alikuwa na njaa, nilimpikia uji. Nakumbuka uliwaka vizuri sana."

Mimi si mtu wa maneno laini, mnanijua. Nikakaa pembeni yake kwenye udongo. Magoti yalilia. Nikamwambia, "Mimi nilikimbia bila kumuaga wangu." Kisha nikamwambia, "Waite wanaume, na mapanga. Mti wenyewe nitawaonyesha mimi."

Nilifanya kazi ya kuhani siku tatu. Niliwapeleka kwenye mninga, nikawaonyesha utomvu wake mwekundu, nikawaambia mti mwingine wowote unaoza mvua mbili. Nikawaonyesha kimo, nafasi kati ya mti na mti isizidi ngumi, na kwamba kazi inafanywa kiangazi maji yakiwa chini, wengine wakipiga mabati na ngoma wakati wanaume wako majini. Nilikaa juu ya jiwe jeupe nikatoa amri. Neema alipiga bati tangu asubuhi hadi jioni, mikono ikatoka malengelenge. Wanawake walipika mihogo na dagaa, wakatuletea mtoni. Hawakuimba. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuimba, maana kila mti uliosimamishwa, kila mtu alikuwa anahesabu ni nani angekuwa hai.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mama, na baada ya wigo tutoe nini kwa wenyewe wa mahali?"

"Msitoe kitu. Mbadilishe miti iliyolegea kila mwaka."

Hakuridhika. Nafikiri mbuzi walimtoa wa nne nilipoondoka. Watu wa Ava nao waliendelea na miungu ya kwao, hilo limeandikwa pia.

Kufagia

Siku ya nne nilitoa ufagio wangu. Wale mama wa watoto walikuja, watano, maana mmoja alizika wawili. Niliwaeleza jinsi inavyofanywa: kuanzia miguuni kwenda kichwani, mara tatu, kisha jina.

Mama Esta aliuliza, "Na wa kwako utamfagia wapi?"

"Kote."

Nilianza chungu cha kwanza. Nikafagia mara tatu, nikasema, "Furaha, mama yako anaondoka." Mama mmoja naye akachukua ufagio wangu, akafagia, akataja jina la wake. Tukaenda cha pili, nikasema vilevile. Mara saba nilimuaga mtoto wangu, na mara sita nilimuaga mtoto wa mtu. Kwenye cha Daudi, chenye shati, Mama Esta alishindwa kutaja jina. Neema alilitaja kwa niaba yake. Kisha akanishika mkono, akauliza, "Gogo, sasa tanga limeondoka?"

Desturi inasema kaburi la mtoto wako. Haisemi kitu juu ya mama asiyelijua ni lipi. Wazee ambao ningewauliza wametawanyika, wengine wako kambini, wengine hawapo. Mimi ndiye mzee sasa, na sijui. Ufagio nilimwachia Mama Esta, ingawa nilisema hauazimwi. Nilimwambia asifinyange tena vyungu vyote sawa. Awawekee wao alama, na cha wangu, chochote atakachoamua, asikiwekee kitu.

Kurudi Bertrams

Kurudi ni njia ileile, na mashua ilichelewa vilevile. Basi kutoka Lusaka lilikuwa na viti vitupu. Kupita daraja la Limpopo nilitafuta kwa macho yule mama wa tawi, kama mjinga, kana kwamba angekuwa bado anasubiri pale.

Harusi mliiona wenyewe. Nilimfunga Neema kitenge mbele ya watu. Wengine kati ya mama zenu walinong'ona, niliwasikia. Kama nimekosea nitajibu mwenyewe siku ya kujibu. Kiti cha nyuma karibu na mlango kilikuwa kitupu, na mara kwa mara nilikitazama.

Wiki iliyofuata, tukiwa tumekaa kula, nilikwenda chumbani nikautoa ufunguo wa geti kwenye msumari wangu. Nikautundika ukumbini, mahali anapofika hata mtoto. Anjela akauliza kuna nini. Nikawaambia nyumba nzima, na ninyi mnaolala hapa wikiendi inawahusu pia:

"Yule mzee wa kofia ya kijivu akija tena, yeyote atakayekuwa nyumbani afungue. Msimuulize anataka nini. Mpeni kiti, mpeni maji, yaonjeni kwanza. Mpelekeni uani, kisha mmwache peke yake. Na akiomba ufagio, mpeni."